Kurejea, Kubaki, Kupokewa: Mjadala Kuhusu Makao ya Mzee Aliyekimbia Vita

Mzee aliyefukuzwa kwake na vita ana njia tatu: kurejea alikotoka, kubaki alikokimbilia hadi awe raia, au kuendelea kuishi kambini akingoja mojawapo ya hizo mbili. Njia ya nne, ya kupelekwa nchi ya mbali kama Marekani au Canada, huwafikia wachache. Kijana akikosea njia ana miaka ya kuanza upya, mzee hana. Sera ya Taifa ya Wazee ya Tanzania ya mwaka 2003 humhesabu mtu kuwa mzee kuanzia miaka 60, na anayehama katika umri huo huenda anahama kwa mara ya mwisho.

Mjadala unaofuata umewekwa Dutumi, kata ya vijijini mkoani Pwani, katika nchi ya Kibaha na Kisarawe. Umewekwa huko kwa sababu mikataba huandikwa mijini, lakini mgeni hupata makao au huyakosa katika kijiji cha namna hiyo, chenye wenyeji Wazaramo na Wakwere na wahamiaji wa kila upande. Sauti ni tatu. Mtetezi wa kurejea anaamini kwamba mzee hana kwao pengine ila alikozaliwa. Mtetezi wa kubaki anaamini kwamba miaka ya ukimbizini nayo hujenga kwao. Mwenyeji anasema kwa niaba ya kijiji kinachoombwa kumpokea.

Kwao ni wapi

Mtetezi wa kurejea huanza na methali: mkataa kwao ni mtumwa. Mzee ndiye anayeijua mipaka ya shamba lililoachwa na mahali walipozikwa wazazi. Lugha ya huko ni yake. Wanaopata taabu wakirudi ni wajukuu: watoto wa Kirundi waliosoma Tanzania kwa Kiswahili walifika Burundi wakakuta shule za Kirundi na Kifaransa, ilhali babu zao walirudi kwenye lugha waliyoizoea. Sheria nayo imeiwekea njia hiyo mlango. Mkataba wa wakimbizi wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika, wa mwaka 1969, unatambua kurejea nyumbani kwa hiari na unaitaka nchi aliyotoka mkimbizi impokee bila kumwadhibu. Historia inaonyesha kwamba jambo hilo huwezekana. Watu wa Msumbiji waliovuka Ruvuma baada ya vita vya ukombozi kuanza mwaka 1964, wakawekwa katika makazi kama Rutamba mkoani Lindi, wengi wao walirudi uhuru ulipopatikana mwaka 1975.

Mtetezi wa kubaki anajibu kwa habari za Chogo, wilayani Handeni. Katika karne ya 19, watu wengi wa Uzigua na nchi jirani walichukuliwa utumwani hadi pwani ya Somalia, wakalimishwa mashamba ya bonde la mto Shabelle. Baadhi yao walitoroka, wakafanya makao katika misitu ya mto Juba, na vizazi vyao vikaendelea kusema Kizigua huko. Serikali ya Siad Barre ilipoanguka mwaka 1991, wakulima hao waliporwa na wanamgambo, kwa kuwa walikuwa na nafaka na hawakuwa na ukoo wenye silaha wa kuwalinda. Wengi walikimbilia kambi za Dadaab nchini Kenya, na Marekani ilikubali mwaka 1999 kuwapokea takriban 12,000 kati ya Wabantu wa Somalia. Wengine walikuja Tanzania. Serikali iliwaweka kwanza Mkuyu, Handeni, kisha mwaka 2003 ikawahamishia Chogo, na kufikia mwaka 2009 zaidi ya 1,300 walikuwa wamepewa uraia. Aliyekimbia akiwa na miaka 50 alikuwa na 68 mwaka huo. Mtetezi wa kubaki anauliza: mzee huyo akirudishwa Juba, anarudi kwao au anaondolewa kwao?

Mwenyeji anakubali kwamba swali ni zito, lakini analishusha ardhini. Lugha na ukoo wa zamani humrahisishia mgeni salamu za kwanza; havimpi shamba. Wazigua wa Somalia walikubalika haraka kwa sababu walisikilizana na majirani, ila hapakuwa na viwanja vya mababu vilivyokuwa vikiwangoja. Ilibidi serikali itenge eneo. Kijiji humpokea mtu anayebisha hodi leo, na swali lake la kwanza ni atalima wapi.

Ardhi na mti wa kudumu

Katika vijiji vingi vya Pwani, mtu aliyeazimwa shamba hulima mazao ya msimu: mihogo, mahindi, kunde, mpunga bondeni. Mnazi, mwembe na mkorosho hapandi bila ruhusa, kwa sababu mti wa kudumu ni dai. Mtu anaweza kumiliki miti iliyo juu ya ardhi ya mwingine, akairithisha, akaiuza, na kesi nyingi za mashamba huanzia hapo. Mnazi mrefu wa asili huchukua miaka kama 6 au 7 kabla ya kuzaa, kisha huzaa kwa zaidi ya nusu karne. Mzee wa miaka 65 akiupanda, anawapandia wajukuu. Kwa hiyo, anasema Mwenyeji, kipimo cha kwanza cha makao ya mzee ni hiki: je, ameruhusiwa kupanda mti ambao hataula yeye?

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeupa utaratibu huo sura ya kiserikali. Halmashauri ya kijiji hugawa ardhi kwa idhini ya mkutano mkuu wa kijiji, na anayegawiwa anaweza kupata hatimiliki ya kimila. Asiye raia hamiliki ardhi Tanzania isipokuwa kwa uwekezaji. Pwani kuna ugumu zaidi. Jiji la Dar es Salaam linapanuka kuelekea Kibaha na Kisarawe, watu wa mjini hununua mashamba, na wafugaji kutoka bara hutafuta malisho. Mwenyeji hafichi kwamba ukarimu hupungua kadiri ardhi inavyopanda bei.

Mtetezi wa kurejea anaidaka hoja hiyo. Ikiwa ugenini mzee atalima mihogo ya kuazima hadi kufa, na kwao ana miti yake, kuna haja gani ya kumbakiza?

Mtetezi wa kubaki anamtaka autazame upande wa pili wa mpaka. Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 waliacha mashamba na michikichi kule Rumonge na Nyanza-Lac, kando ya ziwa Tanganyika. Waliporudi baada ya miaka zaidi ya 30, wengi walikuta watu wengine juu ya ardhi hiyo, baadhi yao wakiwa na karatasi za serikali. Burundi iliunda tume ya ardhi na mali mwaka 2006 kwa ajili ya migogoro ya namna hiyo, na waliokosa kabisa pa kwenda waliwekwa katika vijiji vipya vilivyojengwa mahususi. Mzee aliyerejea kwa ajili ya shamba lake alijikuta mdai barazani, au mgeni kwa mara ya pili ndani ya nchi yake. Wakati huohuo, katika makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo, magharibi mwa Tanzania, wenzake walikuwa wamefyeka pori wenyewe, wakalima na kulisha masoko ya jirani kwa miongo.

Hapo Mtetezi wa kurejea anakumbusha kwamba hata kubaki kulitaka kuwang'oa. Serikali ya Tanzania ilipokubali kuwapa uraia Warundi wa mwaka 1972, mpango wa awali ulikuwa kuyafunga makazi na kuwatawanya raia hao wapya katika mikoa mingine. Mzee angepata hati na kupoteza shamba. Kwa miaka kadhaa wengi waliishi katika hali ya kukubaliwa kwa maneno bila vyeti mkononi. Mwishowe mpango wa kuwatawanya uliachwa, na vyeti vikatolewa kuanzia mwaka 2014 huku watu wakiruhusiwa kubaki walipo. Sauti zote tatu zinaafikiana hapa: kumhamisha mzee kwa jina la kumpa makao ni kumpokonya makao aliyokwisha kuyapata.

Hati na majirani

Mtetezi wa kubaki anaona uraia kuwa msingi wa mengine yote. Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 inamtaka mwombaji wa uraia wa tajinisi awe ameishi nchini kwa miaka iliyowekwa, ajue Kiswahili au Kiingereza, na awe na mwenendo mwema. Kwa mzee aliyekaa Mishamo miaka 30, masharti hayo si mlima. Uamuzi uliotangazwa mwaka 2010, wa kuwapa uraia Warundi zaidi ya 162,000, ulikuwa miongoni mwa mikubwa ya aina yake duniani, na uliendeleza sifa ambayo Mwalimu Nyerere aliipatia nchi alipotunukiwa Nishani ya Nansen mwaka 1983 kwa huduma kwa wakimbizi.

Mtetezi wa kurejea hapingi sifa hiyo, ila anahesabu miaka. Aliyefika mwaka 1972 akiwa na miaka 25 alikuwa na 67 mwaka 2014. Wenzake waliofika wakiwa na miaka 40 walikuwa wamevuka 80, au wamezikwa bila uraia. Utaratibu wenyewe umetengenezwa kwa vijana: fomu zinataka tarehe ya kuzaliwa kwa mtu aliyezaliwa kabla vyeti havijafika kijijini kwake, na vidole vilivyosuguliwa na jembe miaka yote havisomeki vizuri kwenye mashine.

Asiye na hati ana mzigo zaidi, anajibu Mtetezi wa kubaki. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 inamtaka mkimbizi aishi katika eneo lililotengwa na atoke kwa kibali. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo waliovuka ziwa, wengi wakitoka Kivu Kusini. Aliyeingia humo akiwa na miaka 45 sasa amepita 70. Anakisema Kiswahili tangu utotoni, lakini safari ya kwenda kumzika ndugu nje ya kambi haianzi bila karatasi.

Mwenyeji ndiye anayetoa mfano unaozima ubishi wa iwapo majirani wema wanatosha. Mwaka 2013 serikali iliwaamuru wahamiaji wasio na vibali waondoke mikoa ya kaskazini magharibi, kisha ikaendesha Operesheni Kimbunga. Maelfu walivuka kwenda Rwanda na Burundi, na kati yao walikuwamo watu walioishi Kagera miongo kadhaa, wenye ndoa, mashamba na majirani waliowazoea. Walikubalika kitongojini. Hawakuwa na karatasi ya kumwonyesha ofisa. Balozi wa nyumba kumi anaweza kumtambua mzee kuwa mtu wake; hana uwezo wa kumkinga na amri ya mkoa.

Nani atamtunza

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mwenyeji anaitaja methali hiyo na kukiri kwamba haikumfikiria mgeni asiyeweza kushika jembe. Kijana aliyekimbia vita huingia kijijini kwa mikono yake: analima kibarua, anajenga, anaoa. Mzee huingia kwa mlango mwingine, na mlango huo ni mtu wa kumjibia. Wazaramo, Wakwere na Wazigua kwa asili huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na mjomba ni mtu mkubwa katika ndoa, urithi na kesi. Mgeni asiye na wajomba hana wa kumsemea barazani hata kama kila mtu anamwamkia "shikamoo, babu".

Mtetezi wa kurejea anasema kwamba hilo ndilo hasa linalompa haki: ukoo uko kwao. Mtetezi wa kubaki anamwomba atofautishe ukoo wa kabla ya vita na ukoo uliobaki. Vita huua na kutawanya. Mzee mmoja anaweza kuwa na mtoto Kigoma, mwingine Marekani, na wa tatu asiyejulikana alipo, huku akilea wajukuu walioachwa na marehemu. Kumrudisha peke yake kwenye kijiji alichozaliwa ni kumtenga na watu wanaompikia leo.

Kambi ina faida ambayo hata wakosoaji wake huikubali. Kuna mgao wa chakula, zahanati na mashirika yanayowatambua wazee. HelpAge International ni mojawapo ya yale yaliyofanya kazi nao katika kambi za Kigoma. Lakini mgao hupunguzwa fedha za wafadhili zikipungua, na foleni ya kuuchukua inahitaji miguu yenye nguvu. Mzee asiye na mjukuu wa kumbebea gunia humlipa mbebaji kwa sehemu ya chakula chenyewe.

Vipi kuhusu makazi ya wazee ya serikali, kama Nunge huko Kigamboni, Fungafunga mjini Morogoro au Kolandoto mkoani Shinyanga? Sera ya mwaka 2003 inaiweka familia mbele na kuyaacha makazi hayo kwa wasio na mtu kabisa. Mwenyeji anaiunga mkono, kwa sababu mzee hapaswi kuhesabiwa kuwa mzigo mtupu. Huja na ufundi: kusuka mikeka, kukunga wazazi, kujua dawa za miti, kusuluhisha ugomvi wa ndoa. Mzee anayeitwa shaurini amekwisha kupata jembe lake. Asiyeitwa hubaki mpangaji, hata akipewa nyumba nzuri.

Masharti ya Mwenyeji ni mawili. Kaya moja itajwe mbele ya serikali ya kijiji kuwa ndiyo inayomjibia mzee. Kaya hiyo nayo isaidiwe, maana ukarimu wa maskini una kikomo, na huduma zikienda kambini tu, kijiji kinachopokea hufundishwa kwamba wema hauna faida.

Kaburi

Mtetezi wa kurejea ameiweka hoja yake nzito mwisho. Mzee, anasema, hana wasiwasi wa kuishi. Ana wasiwasi wa kufia ugenini, akalala mbali na wazazi wake bila mtu wa kupalilia kaburi.

Mwenyeji anamjibu kwa mambo ambayo Pwani imeyazoea. Kwa Waislamu, kumwosha maiti, kumkafini, kumswalia na kumzika ni faradhi kifaya: wasipofanya wachache, dhambi ni ya wote. Msikiti hauulizi kabila la marehemu. Kwa Wakristo, jumuiya hufanya kazi hiyohiyo. Kisha kuna utani. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani kwa sababu ya misafara ya karne ya 19, na utani wa Wangoni na baadhi ya majirani zao hufungamanishwa na vita walivyopigana. Mtani ana kazi msibani: anachimba kaburi, anawachekesha wafiwa, anadai ada yake. Kwa njia hiyo watu waliokutana kama wasafiri au maadui walipata wajibu wa kuzikana. Utani ulichukua vizazi kukomaa, na mkimbizi wa jana hana mtani bado, lakini mfano wenyewe unaonyesha kwamba wajibu wa maziko unaweza kuundwa na watu wasio wa damu moja.

Mtetezi wa kubaki anaongeza ushahidi wa Tengeru, karibu na Arusha. Kuanzia mwaka 1942 eneo hilo lilipokea Wapolandi wapatao 5,000, wengi wao wanawake na watoto, waliohamishwa kwa nguvu na Umoja wa Kisovieti na kufika Afrika kupitia Iran. Vita vilipoisha, wengi hawakurudi: sehemu kubwa ya mashariki ya nchi yao ilikuwa imechukuliwa na Wasovieti, na serikali ya kikomunisti ilitawala iliyobaki. Walikwenda Uingereza, Canada na Australia. Wachache walibaki Tanganyika wakazeekea hapo. Makaburi yao, yapatayo 150, yangali yakitunzwa.

Mtetezi wa kurejea hakubali mfano huo kwa ukamilifu wake. Makaburi ya Tengeru yana serikali ya Poland ya kuyakumbuka; kaburi la mkulima wa Kivu halina ubalozi. Mwenyeji naye anaona pengo hapo. Maziko ni ya siku moja na kijiji kinayaweza. Kinachohitaji watu wa karibu ni yale yanayofuata: kukaa matanga, kusoma arobaini, kugawa vilivyoachwa. Kaya iliyotajwa kuwa inamjibia mzee akiwa hai ndiyo inayopaswa kuyabeba hayo akifa. Isipotajwa mapema, mali yake ndogo huishia mikononi mwa aliyekuwa karibu.

Wanapokutana

Baada ya hoja zote hizo, tofauti imepungua, ingawa haijaisha. Mtetezi wa kurejea bado anaamini kwamba njia ya kwanza ni kwao mzee. Amekubali kwamba haina maana pale ambapo shamba limechukuliwa na watu wake wametawanyika. Mtetezi wa kubaki bado anaamini katika uraia. Amekubali kwamba cheti hakimpi mtu mjomba. Mwenyeji amekubali kwamba wema wa kitongoji hauwezi kuzuia amri ya kuhamishwa.

Mambo manne yanasimama upande wa wote. La kwanza, mzee aulizwe peke yake. Kaya inapoulizwa kwa pamoja, anayejibu mara nyingi ni mwenye nguvu ya kulima, na anachotaka mama yake mkongwe huenda kikawa kingine. Mwaka 2007 Warundi wa makazi ya zamani walipohojiwa, takriban 172,000 walitaka uraia na 46,000 walitaka kurudi. Hesabu ya namna hiyo haielezi ni kaya ngapi zenye mawazo mawili chini ya paa moja. La pili, anayetaka kurejea apelekwe kwanza akaone, arudi, ndipo aamue, kwa sababu kumbukumbu ya shamba si sawa na hali ya shamba. La tatu, anayebaki ashughulikiwe mapema katika foleni ya uraia, kwa kuwa kila mwaka wa kusubiri unamla yeye kuliko kijana. La nne, ardhi anayopewa imruhusu kupanda mti wa kudumu, na jina la kaya inayomjibia liandikwe kijijini.

Misingi ya mambo hayo inaafikiana na Itifaki ya Umoja wa Afrika kuhusu haki za wazee, iliyopitishwa mwaka 2016 na kuanza kutumika mwaka 2024, ambayo inazitaka nchi ziwalinde wazee katika hali za vita na maafa. Itifaki haisemi ni kijiji gani kitatoa shamba, wala nani atasoma arobaini. Hayo huamuliwa na mkutano mkuu wa kijiji na kaya iliyokubali. Serikali inaweza kutoa cheti bila kijiji, na kijiji kinaweza kutoa shamba bila serikali. Mzee aliyepata kimoja tu kati ya hivyo hajamaliza safari yake ya ukimbizi.